Zamu ya Koleta

Mzee Aminieli alikuwa na majivu mpaka viwikoni, na bado hakuwa amepika hata chai. Alinawa mferejini, akajifuta kwa koti, akapanda ukuta wa ndiva kumsubiri Bwana Maji.

Ndiva yao ni bwawa la mawe na udongo, juu kabisa ya Vudee. Jioni huzibwa lijae, asubuhi huzibuliwa, na kila mwenye shamba hupata maji kwa zamu yake. Aminieli ndiye mwenye kuzibua. Kazi hiyo aliachiwa na baba yake.

Bwana Maji alifika akihema. Jina lake Omari, kijana wa Tabora, mgeni Same, na viatu vyake vilikuwa vya mjini hasa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mlima."

"Nimeshapoa." Hakuwa amepoa hata kidogo. Alipopata pumzi alisema, "Kule bondeni, kwenye kijiji kipya cha ujamaa, watu wanakunywa maji ya chumvi. Wanataka bomba kutoka hapa. Nimekuja kupima kama mlima unaweza. Yakiwapo ya ziada, tutayashusha."

"Yasipokuwapo?"

"Siwezi kuwanyang'anya wanaolima. Lakini wale wakikosa maji hawatakaa. Wameshaanza kunung'unika kwamba watarudi walikotoka."

Aminieli alitazama njia ya bondeni.

Omari alipima. Alikinga debe kwenye chemchemi, likajaa upesi kuliko alivyotarajia. Aliingia msituni, akatoka na miba kwenye suruali.

"Mzee, huu msitu umepona! Miche imeota mpaka njiani. Kwani kuni mnakata wapi?"

"Tunajizuia."

"Wangejizuia hivi kila mahali, nisingekuwa na kazi."

Chini yao mashamba matano yalikuwa yamelowa, maharage yamesimama vizuri, hakuna gugu. Moshi ulitoka katika kila nyumba. Omari alitafuta mtu kwa macho.

"Wenyewe wako wapi?"

"Wameshuka gulioni, wote. Njoo tule."

Makande yalikuwa ya jana, sufuria kubwa ya kulisha arusi. Aminieli alimjazia mgeni sahani, akamwongeza, akamwongeza tena, huku akimsimulia habari za majirani. Rubeni anavyoiba maji, akitoboa tuta la mfereji kwa kidole cha mguu. Eliakunda anavyoimba akipalilia, na sauti hana.

"Na lile shamba la ukingoni ni la Koleta. Ukimcheleweshea zamu huyo, utasemwa mpaka kanisani!"

Alicheka peke yake, akacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

"Unamwogopa kweli," alisema Omari.

"Ni mke wangu."

Mchana, maji yalipokwisha kupita mashambani, Omari alichomeka fimbo yake ndivani. Ilitoka na tope tu. Akatikisa kichwa.

"Basi, mzee. Kila tone lina mwenyewe. Bomba halitajengwa."

Aminieli alitaka kusema neno. Badala yake aliipokea fimbo, akaifuta tope. Alifurahi na kuona aibu kwa pamoja, na furaha ilikuwa kubwa zaidi.

"Nisalimie majirani," Omari alisema akiaga. "Na mama Koleta."

"Salamu zitafika."

Alimsindikiza mpaka kwenye kona. Angemwomba alale, walau usiku mmoja, lakini aliogopa. Kijana alipotea bondeni, na ukimya ukarudi mahali pake.

Ndipo Aminieli alipochukua kata ya maji, akaenda nyumba ya Rubeni, akazima moto jikoni na kufunga mlango. Akaenda kwa Eliakunda, akazima, akafunga. Akafanya hivyo nyumba zote, ya kwake ikawa ya mwisho. Kisha akapanda kuziba ndiva. Kesho ilikuwa zamu ya Koleta.

Tangu lori lilipowashusha wote kwenye kijiji kipya, naye akakataa kupanda, alikuwa akilima mashamba yote matano peke yake, na hakuna aliyewahi kukosa zamu.

Alikaa ukutani, uso ameuelekeza kwenye njia ya bondeni, akangoja kiu imrudishe mkewe.