Mgeni wa Bafuni

Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa kwa ndani, na humo ndani walikuwamo wanaume wawili.

Mama alisimama kwenye korido na kitambaa mkononi, akipangusa mahali palipokwisha kung'aa. Mmoja wa hao wawili alikuwa mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kambare tangu alipoanza kuleta medali za kuogelea. Mwingine hakumjua. Alikuja kumepambazuka, mtu nadhifu mwenye sanduku dogo, akaamkia, akakataa chai, akakataa hata kiti. Kisha wakaingia bafuni pamoja kama watu wanaokwenda ofisini.

"Inua fulana," sauti ya mgeni ilisema. "Mpaka kifuani."

Mama akaacha kupangusa.

Hii ilikuwa mara ya tatu. Kambare alikuwa amesema ni rafiki wa kazini. Rafiki gani huyo, mama alijiuliza, asiyeketi, asiyetania, na anayemwita mwenzake kwa majina yake yote kama yuko mahakamani? Na kazi yenyewe ni ipi? Siku hizi Kambare aliwafundisha watoto kuogelea kwenye bwawa la hoteli, amesimama katika maji yasiyomfika kiunoni. Ndiyo kazi pekee ya majini aliyoruhusiwa na daktari.

Maana moyo wake ulikuwa mbovu. Alirithi moyo wa baba yake, ule uliomwangusha marehemu kwenye ngazi, mzigo ungali begani. Kambare alipotolewa majini katika shindano lake la mwisho, amelegea kama nguo iliyofuliwa, daktari hakuzunguka mbuyu. Alisema akishindana tena, mama atazika mara ya pili. Jioni ile mama na mwana walipiga magoti pamoja, na Kambare akaapa mbele za Mungu kwamba mashindano basi. Tangu siku hiyo mama hakuwahi kulala kabla ya kushukuru.

Sasa mambo yalikuwa yameanza kwenda mrama.

Alikuwa amesikia habari za mabingwa waliostaafu. Jana umati unakubeba mabegani, leo hata mwenye duka hakusalimu. Wengine hulijaza pengo hilo kwa unga na sindano. Basi mama akaanza kuangalia, na anayetafuta hakosi. Asubuhi Kambare hakutoka ndani mpaka jua lipande, hata akitumwa mkate wa hapo jirani. Alikaa sebuleni akiutazama mlango kama anayedaiwa. Jioni alilala na kuku. Alikula chakula cha watu watatu, asinenepe. Alirudi kutoka kazini macho mekundu. Na juzi mama alikuta wembe kwenye sinki, na miguu ya mwanawe imenyolewa, laini kama ya mtoto mchanga.

"Baba, unanificha nini?" alimuuliza mezani. "Miguu ya mwanaume inanyolewa kwa ajili ya nani?"

"Joto tu, mama."

Mama akasema joto la miguu peke yake hajapata kulisikia. Kambare alicheka, lakini hakuinua macho kutoka kwenye sahani. Usiku huo mama alimwomba Mungu amfunulie lililopo. Na kama ni aibu, amwonyeshe yeye kwanza kabla ya majirani.

Kitasa cha bafu kililia. Mgeni alitoka peke yake na sanduku lake. Nyuma yake maji ya kuoga yalianza kumwagika, na Kambare akaanza kupiga mluzi. Mama alifika mlango wa mbele kabla ya mgeni, akauegemea.

"Naomba njia, mama."

"Njia utapewa. Fungua hilo sanduku kwanza."

Mgeni akasema haliruhusiwi kufunguliwa mpaka lifike maabara. Mama akamjibu kwamba katika nyumba hii anayeruhusu ni yeye, na akikataa, mtaa mzima utakuja kumsaidia kulifungua. "Unamuuzia nini mwanangu?"

Mgeni alimtazama, akatazama mlango wa bafu, kisha akaziba mdomo kwa kiganja kuzuia kicheko. Akatoa kitambulisho, akaeleza taratibu. Kazi yake ni kuwapima waogeleaji, kuona kama wanatumia dawa za kuongeza nguvu. Huja bila taarifa, katika saa ambayo muogeleaji mwenyewe ameitaja kwamba atakuwa nyumbani. Huchukua mkojo, na lazima auone ukitoka kwa macho yake, fulana juu, kwa sababu wapo waliowahi kuficha mkojo wa mtu mwingine ndani ya nguo. Zamani walikuwa wakimfuata Kambare kwenye kambi ya mazoezi. Ndiyo maana mama hakuwahi kuwaona.

"Mkojo?"

"Mkojo, mama. Na wa mwanao haujawahi kuwa na doa."

Mama akakikalia kile kiti alichokikataa mgeni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alimshukuru Mungu kwa sauti, bila haya. Akamwambia mgeni kwamba mkojo wa huyo ameufua miaka mingi kabla wakubwa wa mgeni hawajaanza kuutamani, wangemuuliza yeye. Mgeni naye akacheka. Mama akamwapia kwamba akija tena, chai atakunywa apende asipende, akamfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Maskini mwanangu," alisema, akijifuta macho kwa kile kitambaa cha vumbi. "Mashindano ameacha, bado mnamfuata na vichupa. Mtaacha lini kumpima?"

Mgeni alikuwa ameshavuka kizingiti. Aligeuka, akamtazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

"Walioacha hatuwapimi, mama."