Msumari Ndani ya Mvule

Jumanne, tarehe tatu Juni, asubuhi ya ukungu. Randa ya seremala iligonga kitu kigumu ndani ya ubao wa mvule ulioletwa na kaka yake.

Ulikuwa msumari wa shaba uliopinda, ule ambao marehemu baba yao alitundikia koti.

“Umekata mti wa baba!” seremala alimfokea kaka yake. Tangu msiba hawajala pamoja.

“Mimi punda tu, nimebeba. Mwulize mama.”

“Niliagiza mimi,” mama yao alisema mlangoni pa karakana. “Kivuli chake hakikuwapatanisha. Nitengenezee meza.”

Seremala aliinamia ubao. Akaupapasa msumari. Mafundi wenzake waliacha kazi, wakamtazama.

“Mungu shahidi, mama, na hawa wanasikia. Msumari sitaung’oa. Na kaka ataketi mezani kando yangu.”