Vaa Wewe Kwanza

Kitambaa cheupe nilichopitisha ndani ya mpira wa mashine kilitoka na chembe nyeusi, laini kama masizi.

Mume wangu hukatika pumzi akiwa usingizini, na daktari alimwandikia mashine ya kumpulizia hewa kupitia barakoa. Mdogo wake, muuzaji wa vifaa vya hospitali, alituletea mwenyewe. "Mpya kabisa, shemeji. Kaka yangu nitampa kitu kibovu?" Tangu hapo mume wangu anaamka akikohoa.

Nilimpigia shemeji simu, akaja anacheka.

"Hilo vumbi la nyumba tu, shemeji. Ufagio umeuficha wapi?"

Mume wangu naye akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Yeye ndiye aliyemlea huyo mdogo wake tangu mama yao alipofariki. Haambiwi neno juu yake.

Niliwasha mashine, nikamnyooshea shemeji barakoa. "Kama ni vumbi tu, vaa wewe. Vuta pumzi mbili tatu, nami nitakuomba radhi hapa hapa."

"Aa, shemeji, acha utani."

"Vaa tu, bwana mdogo," mume wangu akasema, bado anatabasamu. "Umalize ubishi wa huyu mama."

Nilimsogezea shemeji barakoa. Hewa ilipompiga usoni, aligeuza kichwa haraka, akaziba pua na mdomo kwa kiganja.

Mume wangu aliutazama ule mkono, vidole vimebana mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Tabasamu lake likafifia taratibu.

"Kumbe ulijua," akasema.