Bawa la Kushoto

Nasibu alifariki kabla sanamu yake haijamiminwa. Alikuwa ameifinyanga kwa nta: kijana wa hadithi ya Wayunani, yule aliyeruka kwa mabawa aliyoundiwa na baba yake, akalikaribia jua mno. Mama yake Nasibu, Bi Tunu, aliibeba kwenye ungo mpaka kwa Mbaruku, fundi wa kumimina shaba.

Fundi aliigeuza, akachukua kisu ili alainishe bawa la kushoto.

"Hapa pana alama za vidole, dada. Nikiziacha, watu watasema Mbaruku kazeeka."

"Waache waseme. Hilo ni dole gumba la mwanangu."

Fundi akarudisha kisu mezani. "Nta itayeyuka yote, unajua. Udongo nitakaoipaka ndio utakaoshika alama, na pengine usishike. Siwezi kukuahidi."

"Sijakuomba ahadi, kaka. Paka."

Baada ya siku tatu aliitwa. Udongo ulikuwa umechomwa, nta imetoka, shaba imemiminwa ndani na kuanza kupoa. Kwa desturi fundi ndiye huvunja udongo, lakini siku hiyo Mbaruku alimpa Bi Tunu nyundo.

"Taratibu, kama unammenyea mtoto yai."

Aligonga. Bega likatokea, jeusi, bado lina joto. Kisha uso uliotazama juu. Bawa la kulia likatoka zima. La kushoto lilikuwa bado limefunikwa. Bi Tunu aliweka nyundo chini, akaanza kuubandua udongo kwa kucha.