Betri ya Pili

Asilimia thelathini. Kwa kanuni ya mumewe, Ngalula alipaswa kuirudisha droni sasa hivi.

Mume alikuwa Kanada, anapiga picha za theluji, na alimfundisha kwa simu: betri ya akiba ikae na joto la mwili, na iliyo angani ikifika thelathini, rudi, maana baridi huimaliza ghafla. Asubuhi hii ya Juni, nyasi za bondeni nyuma ya Kapata, mtaa wa wachimba migodi, zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Ngalula alitaka kumtumia picha: ona, hata kwetu.

Betri ya pili alikuwa amemfungia mama mkwe mgongoni, kwa kitenge.

"Mama, munibebeye iyi, isisikie baridi."

"Lete mutoto," mama alijibu, na Ngalula akacheka.

Sasa alipogeuka kuichukua, kiti cha mama kilikuwa kitupu.

Kwenye kioo cha simu, kwa kamera ya droni, aliona nyayo, nyeusi juu ya weupe, zikielekea shimo la mgodi. Mwisho wa nyayo alikuwa mama, peku, anatembea huku akiyumbayumba kama anayebembeleza. Hatua chache mbele yake ardhi iliishia.

Asilimia kumi na nane. Kisha tisa tu.

Ngalula hakuirudisha. Aliishusha droni mbele ya uso wa mama, kati yake na shimo.

Mama alisimama. Akaitazama kwa hasira, akaweka kidole mdomoni: nyamaza, mtoto amelala.

Kisha akageuka polepole, asimwamshe. Ngalula aliona kitenge kikiondoka ukingoni mwa shimo, hatua moja, mbili, halafu droni ikaanza kudondoka.