Saluni ya Tunu

Katika tamthilia, Yolanda alifungua saluni asubuhi, na kufikia mchana wateja walikuwa wamejaa hadi barazani. Tunu alimtazama kwenye runinga ya saluni yake mwenyewe, ambayo tangu aifungue ilikuwa haijapata mteja hata mmoja.

“Huyu hata kitana hajui kukishika,” alisema. “Mimi nina kasoro gani, dada?”

Dada yake Sikudhani, aliyekuja kumletea chakula, alizima runinga, akavuta kiti hadi mlangoni, akaketi na kufungua kilemba chake.

“Nisuke.”

Tunu alichukua kitana, akaanza msuko wa kwanza. Barabarani, mwanamke aliyebeba kapu la mboga alipunguza mwendo, akasimama kuwatazama.