Waliokuja Kumuulizia Twalib

Mwanamume wa kaunda suti aliuliza kama kwenye ukoo wao amewahi kutokea mtu mwenye kifafa. Bi Hamisa akajua serikali imefika.

Mwanawe, Twalib, alipunguzwa kazi kiwandani mwaka ule wawekezaji walipoingia na wafanyakazi wakatoka. Alisota mpaka suruali zikaanza kumpwaya. Sasa alikuwa amefaulu usaili wa ofisi moja nyeti ya serikali, kwenye chumba cha mitambo ya mawasiliano, na kilichobaki ni upekuzi tu. Watapita mtaani kwenu, aliambiwa, watauliza habari zako na hawatajitambulisha. Wakikukataa, basi tena.

Tangu asikie hayo, Bi Hamisa hakukaa akatulia. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Alichungulia dirishani kila viatu visivyo vya mtaa vilipopita. Aliwazungukia majirani wote wa Tabata waliokuwa karibu, akawaomba kwa unyenyekevu kwamba akija mtu kumuulizia Twalib, waseme mazuri.

Kwa hiyo mgeni wa kaunda suti alikaribishwa kwa chai ya tangawizi na sahani ya vitumbua. Hakusema katumwa na nani, na Bi Hamisa hakuwa mshamba wa kumuuliza. Mgeni alitaka kujua kama Twalib anaswali, kama ana mkono mwepesi akikasirika, kama kuna mtoto kamtelekeza mahali, na kama nyumba ni yao au wamepanga. Bi Hamisa alistaajabu jinsi serikali inavyochimba, lakini alijibu yote. Mgeni akapita kwa mjumbe wa mtaa, akapita na kwa Bernadeta mwenye genge la mboga, akaondoka akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Jambo la pili lililomnyima usingizi Bi Hamisa alilijua Bernadeta peke yake. Twalib alikuwa amepeleka posa Temeke, kwa binti anayeitwa Nusaiba. Bi Hamisa alimtaka Salma, mtoto wa kaka yake. Posa ilipoondoka alisema mashallah mbele za watu, roho ikimchemka. Alijua hata hivyo kwamba posa haijibiwi siku ileile. Watu wa binti hutuma kwanza mtu wa kuchunguza, na mtu huyo naye Bi Hamisa alikuwa akimsubiri.

Alikuja Alhamisi. Alikuwa mwanamke wa makamo, kavaa baibui, hina miguuni, sauti ya upole. Alichagua nyanya za Bernadeta taratibu mno, kisha akaulizia habari za Twalib. Bernadeta alifungua mdomo aanze kusifu kama alivyofundishwa, Bi Hamisa, aliyekuwa kakaa pembeni yake, akamfinya paja.

"Mie jirani yao," alisema Bi Hamisa. "Niulize mie."

Mwanamke yule aliuliza Twalib anaandamana na watu gani, kama anakunywa, na kama ni mtu wa kuambiwa jambo likabaki kwake. Swali hilo la mwisho lilimpendeza Bi Hamisa. Hakuna binti anayetaka mume wa kutangaza mambo ya ndani.

"Yule hana kifua, dada. Mwambie jambo asubuhi, jioni Tabata nzima inalo. Akishapiga gongo ndo usiseme. Na ana watu wake hatuwajui, wanamchukua, anapotea, hata mama yake hajui kaenda wapi."

"Mama yake unamfahamu?"

"Namfahamu sana. Anateseka, maskini."

Mgeni alishukuru, akabeba nyanya zake, akaenda zake. Bernadeta hakucheka. Alimwambia shoga yake kwamba kwao Bukoba mama hamsemi mwanawe hivyo hata kwa mzaha. Bi Hamisa aliona aibu, tena aibu ya kweli. Jioni alimpikia Twalib wali wa nazi na samaki wa kupaka, akashindwa kumtazama usoni alipokuwa akila. Akajipa moyo kwamba uongo ule utaishia Temeke, na Temeke si mbinguni.

Baada ya hapo ikawa ni kusubiri tu. Bi Hamisa alikonda.

Siku aliyoitwa ofisini, Twalib alirudi kabla ya adhuhuri. Alikaa kwenye mkeka na viatu vyake miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

"Wamenikataa, mama. Sikupita kwenye upekuzi."

Aliuliza kosa lake ni nini, akaambiwa sababu hazitolewi. Kazi nyingine hakuwa nayo wala haikuonekana inakotoka. Alifunika uso kwa viganja, na mama yake akaona mabega ya mtu mzima yakitetemeka.

Bi Hamisa alitamani ardhi impasukie. Kisha akamkumbuka yule bwana wa kaunda suti, na vitumbua, na kule kutikisa kichwa kwa kuridhika. Kumbe mnafiki. Kamchekea hapa, kaenda kuandika mengine huko.

Hodi ikapigwa. Alipofungua, alimkuta yuleyule, kaunda suti ileile, safari hii kafuatana na wazee wawili wa kanzu. Bi Hamisa aliziba mlango kwa mwili wake wote.

"Umekula kwangu, ukaenda kumharibia mwanangu," alisema, akilia bila kujificha. "Kakukosea nini?"

Bwana yule aliwatazama wenzake, akamtazama tena Bi Hamisa, akavua kofia taratibu.

"Kumharibia vipi, dada? Mie mjomba wake Nusaiba. Tumeuliza mtaa mzima, hatukumpata hata mmoja wa kumsema vibaya. Posa tumeikubali."